Kitabu kimoja kwa kazi tatu: namna ya kufundisha theolojia, kutafsiri Biblia na kuichunga jamii ya asili

Mtu anayefundisha chuo cha theolojia, akaitwa pia kwenye meza ya tafsiri ya Biblia, na bado ana kusanyiko la jamii ya asili linalomtazamia kila Jumapili, huanza kwa kuchukua kalenda na kuigawa. Jumatatu na Jumanne chuo, Jumatano na Alhamisi tafsiri, mwisho wa juma huduma. Mimi nimo katika kazi zote tatu: nafundisha ufafanuzi wa Agano Jipya, nakaa na timu inayotafsiri Biblia kwa lugha ya jamii ndogo nikiwa mfafanuzi wao wa Maandiko, na ni mchungaji wa watu wa jamii hiyohiyo. Ninapoulizwa mara kwa mara "unawezaje?" najibu kwamba kalenda isubiri. Tafuta kwanza kitabu kimoja cha Biblia kitakachopita katika kazi zote tatu mwaka huo, na saa utazipanga baadaye.

Anayeandaa Warumi kwa ajili ya darasa, Luka kwa ajili ya watafsiri na Zaburi kwa ajili ya ibada ana maandalizi matatu, na yote yatakuwa mepesi. Anayekaa na Marko mwaka mzima huandaa mara moja, kwa kina. Maswali ya wanafunzi yanamfaa akiwa na watafsiri, matatizo ya watafsiri yanampa mihadhara, na yale watu wanayosema wakisikia Marko kwa lugha yao yanamrudisha kwenye Kigiriki akiwa na macho mapya.

Chagua kitabu, kisha panga mfuatano

Mpango wa timu ya tafsiri ndio unaotangulia, na chuo kinaufuata. Tafsiri ndiyo kazi ya polepole kuliko zote, inahusisha watu wengi, na haiwezi kusogezwa kwa sababu wewe una mitihani ya kusahihisha. Kozi, kwa upande wake, inabadilika kwa barua moja. Vyuo vingi vina kozi ya ufafanuzi wa kitabu kimoja cha Agano Jipya au la Kale, na mtaala hautaji ni kitabu kipi. Basi mwombe mkuu wa idara, muhula mmoja kabla, kwamba safari hii kitabu kiwe kile ambacho timu inakitafsiri. Malengo ya kozi yanabaki yaleyale, mwanafunzi atajifunza sarufi na mbinu zilezile, na wewe utakuwa umepata miezi ya kazi bila kumnyima mtu chochote.

Timu ikiwa ndiyo inaanza, isaidie ichague masimulizi mafupi. Yona ina sura 4 na mistari 48, Ruthu sura 4 na mistari 85. Ndani ya kitabu kama hicho timu itapitia hatua zote, kuanzia rasimu hadi chapa, kabla haijachoka, na kanisa litashika mkononi kitu kilichokamilika. Marko na sura zake 16 ni hatua nzuri ya pili, maana ni hadithi tupu, sentensi fupi, mwendo wa haraka. Nyaraka za Paulo ziwekeni mbali mpaka timu iwe imezoea, kwa kuwa hoja ndefu za Paulo humvunja moyo mtafsiri ambaye bado anatafuta njia ya kusema jambo jepesi vizuri.

Mfuatano wenyewe ni huu: darasa litangulie mbele ya rasimu kwa majuma kadhaa, rasimu itangulie mbele ya kusanyiko. Sura ya nne ichambuliwe chuoni kwanza. Wewe uende kwa timu ukiwa umeshasikia hoja za wanafunzi na umeshasoma wafafanuzi. Timu iandike, ijikosoe, iandike tena. Ndipo sura iende kwa watu kupimwa. Yanayotoka huko yarudi kwenye meza ya tafsiri, kisha yarudi darasani.

Nitatoa mfano wa mstari mmoja ili ieleweke ninachosema. Katika Marko 4:38 dhoruba imewapata, wanafunzi wanamwamsha Yesu na kumuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Lugha nyingi za jamii za asili duniani zina "sisi" mbili: moja inamjumuisha anayeambiwa, nyingine inamwacha nje. Kigiriki hakitofautishi, Kiswahili hakitofautishi, na kwa hiyo mwalimu anaweza kufundisha Marko miaka mingi bila kuwahi kulazimika kuamua. Mtafsiri lazima aamue leo, kabla ya chakula cha mchana. Je, wanafunzi wanasema "sisi tunakufa, wewe huna habari", au "sote tunakufa, wewe pia, nawe umelala"?

Darasani swali hili linafungua theolojia yote ya Marko. Wanamwita Mwalimu, hawajamwita zaidi ya hapo. Mstari wa 40 Yesu anawauliza kuhusu imani yao. Mstari wa 41 ndipo wanapoulizana huyu ni nani. Mimi naona "sisi" ya kumjumuisha ndiyo inayokaa vizuri zaidi: kwa wakati ule machoni pao alikuwa mtu aliyemo ndani ya chombo kilekile, angezama nao. Mwanafunzi mwingine atasimama upande wa pili na kusema maneno yao ni lawama, na lawama humtenga anayelaumiwa. Waache wabishane kwa Maandiko. Ukifika kwa timu, weka hoja zote mbili mezani, sema unakoegemea, kisha nyamaza, kwa sababu watafsiri ndio wanaojua "sisi" ipi mtu huitumia akiwa ameshikwa na hofu. Jumapili utakapohubiri kifungu hicho, hutahitaji kutafuta mfano kokote. Swali lenyewe ndilo mahubiri.

Jambo kama hilo liko pia kwa ndugu wawili wa Marko 1:19, Yakobo na Yohana. Kwa lugha isiyo na neno la "ndugu" pasipo kusema mkubwa au mdogo, timu itakuuliza nani alizaliwa kwanza, na injili haisemi. Wengi hufuata mpangilio wa majina, anayetajwa kwanza wakamchukua kuwa mkubwa. Ukiwa umeliona swali hilo darasani, halitakushtua mbele ya timu.

Tafsiri ina wenyewe

Lifahamu hili kabla hujagusa rasimu. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili, lililopitishwa tarehe 13 Septemba 2007, linasema katika kifungu cha 13 kwamba watu wa asili wana haki ya kuhuisha, kutumia, kuendeleza na kurithisha vizazi vijavyo lugha zao, masimulizi yao na namna zao za kuandika. Ni lugha ya sheria, lakini mchungaji anaweza kuisoma kama wito wa unyenyekevu. Herufi zipi zitumike, lahaja ipi iwe msingi, nani awe mtafsiri, maneno yapi ni matakatifu mno kutumika na yapi ni ya dharau, haya huamuliwa na kamati ya makanisa na wazee wa jamii. Wewe una sauti ya mtaalamu. Kura ya mwenye mali si yako.

Kuna mambo madogo yanayoonyesha kama unaamini hivyo au unasema tu. Keti pembeni ya meza, si kichwani. Kompyuta iwe mbele ya mtafsiri mzawa. Kama timu inatumia Paratext, programu ya kompyuta ya watafsiri wa Biblia, andika maoni yako kwenye sehemu ya maoni na usiguse maandishi yenyewe, ingawa programu inaweza kukupa ruhusa hiyo, omba usipewe. Ongea mwisho. Na badala ya kusema "andikeni hivi", uliza: nani anazungumza hapa, anamwambia nani, anataka msikilizaji afanye nini? Watafsiri wakijibu maswali hayo kwa lugha yao, mara nyingi sentensi inayotafutwa huwa imeshatamkwa.

Samuel Ajayi Crowther anafaa kukumbukwa na kila mtu aliye katika kazi hizi tatu. Alikuwa Myoruba, akauzwa utumwani akiwa kijana, akaokolewa kutoka kwenye meli ya watumwa, akasoma na baadaye kufundisha katika chuo cha Fourah Bay kule Freetown, Sierra Leone, akawekewa mikono kuwa kasisi mwaka 1843 na kuwa askofu mwaka 1864. Biblia ya Kiyoruba iliyokamilika mwaka 1884 ilikuwa na alama ya mkono wake, kwa sababu aliisikia lugha hiyo akiwa mtoto. Mwalimu wa theolojia anayedhani wazawa wanahitaji miongo mingi zaidi kabla ya kuaminiwa na meza ya tafsiri, na aisome tena tarehe hizo.

Usipime kazi yako mwenyewe

Hapa ndipo kazi tatu zinapogombana kwelikweli, na wengi hawaoni. Wewe ni mwalimu wao, ni mchungaji wao, umewabatizia watoto na umezika wazazi wao. Ukiwasomea rasimu na kuuliza "mmeelewa?", watajibu ndiyo. Wangejibu ndiyo hata kama umesoma orodha ya mizigo. Heshima waliyo nayo kwako inafunika udhaifu wa tafsiri.

Kwa hiyo siku ya kupima rasimu, usiwepo. Atumwe mtafsiri kijana wa jamii yenyewe, mtu ambaye mama yake mdogo anaweza kumwambia bila woga, "hapo umesema upuuzi." Asikilizwe na watu ambao hawajawahi kusikia kifungu hicho, wakiwemo wasiokwenda kanisani, maana mkristo wa siku nyingi hujaza mapengo kutoka kwenye kumbukumbu yake. Aanze kwa kuwaomba wasimulie walichosikia kwa maneno yao. Kisha maswali ya kawaida: nani alikuwa kwenye chombo, nini kilitokea, kwa nini waliogopa, alipowauliza swali lile alikuwa na hasira au huzuni? Neno "mmeelewa" lisitamkwe kabisa. Kama inawezekana, arekodi sauti kwa ruhusa yao, na timu isikilize pamoja. Mahali msimuliaji anapositasita, au anaporuka sentensi nzima, ndipo pa kurekebisha.

Vivyo hivyo kwa tafsiri ya kurudisha, yaani rasimu inapogeuzwa tena katika lugha anayoijua mshauri wa tafsiri, yaani mtaalamu anayeihakiki, ili aone kilichomo. Aifanye mtu ambaye hakuwemo kwenye kuandika rasimu na ambaye hana Biblia nyingine wazi mbele yake. Na mshauri wa tafsiri awe mtu wa nje. Kama uliwahi kumfundisha, au anakutegemea kwa cheo, tafuta mwingine. Si kwamba simwamini mwanafunzi wangu wa zamani, ila namjua: atapita juu ya kosa langu kwa adabu, na jamii itaishi na kosa hilo kwenye karatasi kwa kizazi kizima.

Mimbarani, soma rasimu ikiwa imeshapita hatua ya kupimwa, na uwaambie watu wazi kwamba ni rasimu. Kila ukurasa uchapwe neno RASIMU juu. Watu hushika haraka mno maneno wanayoyasikia kanisani, na mstari uliokwisha kukaririwa ni mgumu kuubadilisha hata ukiwa na makosa.

Mafundisho ya chuo yakae chuoni

Chuo chako kina ungamo lake la imani. Biblia inayotafsiriwa ni ya makanisa yote ya jamii ile, pamoja na yale ambayo huwezi kushiriki nayo meza ya Bwana. Suluhisho ni kuandika mwongozo wa tafsiri mwanzoni kabisa, kabla ya mstari wa kwanza, ukisainiwa na makanisa yote: tafsiri ni kwa ajili ya nani, mtindo wake ni upi, majina yatatamkwaje, neno la Mungu na neno la Roho Mtakatifu ni yapi, ubatizo utaitwaje. Mkibishana mwaka wa tatu, mnarudi kwenye karatasi hiyo.

Darasani unaweza kufundisha bila kuficha unachoamini kuhusu uongozi wa kanisa. Mbele ya watafsiri, Tito 1:5 inasema wazee na 1:7 inasema mwangalizi, na wanaonekana ni watu walewale. Msaidie mtafsiri aandike hivyo, hata kama muundo wa kanisa lako unawatenganisha. Ukikuta unatafuta neno litakalofanya mstari ukubaliane na kitabu chako cha katiba, weka kalamu chini na umwachie mfafanuzi wa kanisa lingine kifungu hicho.

Lipo jaribu gumu kuliko la madhehebu, nalo linatoka kwenye upendo. Ulfila, askofu wa Wagothi katika karne ya 4, aliwatengenezea alfabeti na kuwatafsiria Maandiko. Mwanahistoria Philostorgius ameandika kwamba aliacha vitabu vya Wafalme kwa sababu Wagothi walipenda vita tayari na hakutaka kuwachochea. Mchungaji yeyote anamwelewa. Unawajua watu wako, unajua kidonda chao kiko wapi, na mkono unataka kulainisha.

Jamii nyingi za asili zilipoteza ardhi kwa watu waliokuja na Biblia hii hii mkononi. Kumbuka habari ya John Eliot kule Massachusetts, Amerika. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Roxbury tangu 1632, huku akijifunza lugha ya Wamassachusett, akifungua shule na kutafsiri kwa msaada wa wazawa kama Cockenoe na Job Nesuton. Agano Jipya lilitoka 1661, Biblia nzima 1663, ya kwanza kuchapwa Amerika ya Kaskazini, na aliyepanga herufi kiwandani alikuwa mzawa aliyejulikana kama James Printer. Vita kati ya wakoloni na wazawa vilipozuka mwaka 1675, wakristo wazawa hao walikusanywa na kupelekwa kisiwa cha Deer, kwenye bandari ya Boston, na wengi wakafa kwa baridi na njaa. Nakala nyingi za Biblia yao ziliangamia. Eliot aliwatetea, akachukiwa na wenzake, na toleo la pili likakamilika mwaka 1685, James Printer akiwa tena kwenye herufi.

Sasa chukua Yoshua, utekaji wa miji, ugawaji wa nchi, uweke mbele ya watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo. Mtafsiri anauliza kama neno la "kuangamiza" linaweza kupunguzwa makali. Jibu langu ni hapana. Andika kama lilivyo, kwa sababu siku mjukuu wao atakaposoma Kiebrania na kugundua mlilainisha, hataamini tena hata Yohana 3:16. Lakini usimwachie mtafsiri mzigo huo peke yake. Mchungaji ndani yako ndiye mwenye kazi sasa: kukaa nao, kusikiliza hasira yao bila kuitetea Biblia haraka, kusoma pamoja nao Rahabu na Wagibeoni waliopona, kusoma 1 Wafalme 21 ambapo Mungu anasimama na Nabothi aliyenyang'anywa shamba la urithi wa baba zake. Na mwalimu ndani yako ana kazi pia, kuandaa muhula mzima juu ya namna wakoloni walivyokitumia kitabu cha Yoshua, ili wachungaji wanaohitimu wasirudie. Pia mpangilio wa vitabu uko mikononi mwa kamati. Kuanza na Ruthu na Luka, kisha kufika Yoshua watu wakiwa wameshamjua Mungu anayesimuliwa, ni hekima. Kumwacha Yoshua nje kabisa ni kuamua kwa niaba ya watu wazima.

Muda, na kazi za wanafunzi

Sasa kalenda. Kukata juma vipande vitatu hakufai, kwa sababu rasimu haishiki mwendo kwa siku moja moja. Timu inahitaji kukaa pamoja majuma mfululizo, kwa hiyo mpe mtafsiri likizo zako za chuo, na wakati wa muhula baki na kazi ya kusoma na kujibu maoni yao kwenye Paratext asubuhi kabla ya vipindi. Kabla ya kupanga lolote waulize wazee majira ya jamii: wakati gani wa mwaka watu wote wako shambani au machungani au safarini. Ukiita kikao cha kupima rasimu majira hayo, utapata wale wasio na kazi tu, na tafsiri itapimwa na kundi moja la watu.

Mambo yatagongana hata hivyo. Mpangilio ninaoufuata ni huu, na nimewaambia mapema wakuu wangu wote: msiba unashinda kila kitu. Baada ya msiba ni kikao na mshauri wa tafsiri, kwa sababu hupatikana kwa taabu na watu wengi wamesafiri. Kisha vipindi vya darasani. Kamati za chuo ni za mwisho. Ukiutangaza mpangilio wako mwanzoni mwa mwaka, hautaonekana dharau siku utakapouhitaji.

Kusahihisha ndiko kunakokula muda wa walimu, basi badilisha unachosahihisha. Badala ya insha ndefu zinazoishia kabatini, mpe kila mwanafunzi aya moja ya kitabu cha mwaka aandike ukurasa mmoja kwa ajili ya mtafsiri ambaye hajasoma Kigiriki: mwandishi anasema nini, ugumu uko wapi, maana zinazowezekana ni zipi na kila moja inaungwa mkono na nini, mwandishi anataka msikilizaji ajisikie vipi. Asitumie istilahi asiyoweza kuieleza. Ni zoezi gumu kuliko insha. Mwanafunzi anayebandika maneno ya wafafanuzi bila kuyaelewa huonekana mstari wa pili. Kurasa nzuri, ukishazihakiki, zipeleke kwa timu zikiwa na jina la aliyeandika na kwa ridhaa yake.

Mipaka ni lazima hapa. Mwanafunzi si kibarua wa mradi, na alama zake zisitegemee kama timu ilitumia ukurasa wake. Jamii nayo si maabara. Mwanafunzi anayetaka kwenda kuuliza watu kuhusu jina la Mungu au mila za mababu kwa ajili ya tasnifu, aombe kwanza kwa kamati ya wazee, akubali kukataliwa, na rekodi zibaki mali ya jamii. Nimeona watu wakisimuliwa mambo mazito na mgeni mwenye daftari, wasimwone tena. Mlango ukifungwa kwa sababu hiyo, unafungwa kwa tafsiri pia.

Na mtu mmoja hatoshi, hata apange vipi. William Carey, mmisionari Mwingereza kule India, anatajwa kama mtu wa miujiza: tangu 1801 alifundisha Kibengali kwenye Chuo cha Fort William kule Calcutta, mwaka huohuo Agano Jipya la Kibengali likachapwa, na mwaka 1818 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Serampore. Lakini ukitazama vizuri, Joshua Marshman na mkewe Hannah walibeba shule, William Ward alibeba uchapaji, na wasomi wa Kibengali kama Ram Ram Basu walikuwa pembeni ya Carey katika tafsiri. Hivyo kabla ya kukubali kazi ya tatu, andika majina ya watu watakaobeba kila kazi utakapokuwa umeugua. Kama kuna kazi isiyo na jina lolote zaidi ya lako, hiyo usiipokee bado.

Serampore inafundisha jambo jingine la vitendo kabisa. Tarehe 11 Machi 1812 kiwanda chao cha uchapaji kiliteketea, na miswada ya miaka mingi ikaenda na moto. Leo hatuna udhuru. Rasimu ziwe mahali patatu: kompyuta ya timu, hifadhi ya mtandaoni ambayo Paratext hutuma na kupokea kila intaneti inapopatikana, na diski inayokaa jengo lingine. Rekodi za sauti ndizo husahaulika, nazo ndizo zisizoweza kurudiwa mzee aliyezungumza akiwa ameshafariki.

Kupunguza mkono wako

Tangu mwaka wa kwanza tafuta vijana wa jamii watakaosoma Kiebrania na Kigiriki. Wasianze na shahada. Anza na herufi, kisha uwafundishe kutumia vitabu vya maana za maneno, kisha wasome Yona kwa Kiebrania polepole pamoja na rasimu yao wenyewe. Zungumza na chuo kuhusu udahili wao mapema, kwa sababu wengi hawana vyeti ambavyo fomu inadai. Barua kutoka kwa kamati ya tafsiri, ikieleza kazi waliyofanya, husaidia, na baadhi ya vyuo vina njia ya kuwapokea watu wazima kwa uzoefu. Dai njia hiyo. Kaa na msajili mpaka ipatikane.

Mmoja wao akishaweza kueleza hoja zote mbili za mstari mgumu, mpe kitabu kizima akiongoze kama mfafanuzi, wewe ukiyapitia tu maandalizi yake usiku uliotangulia. Timu itaendelea kukugeukia kwa mazoea kila wakikwama. Mwambie msimamizi akuondoe kwenye orodha ya vikao vya kitabu hicho, na maswali yote yapitie kwa kijana huyo kwanza. Saa zitakazopatikana zipeleke kwenye kusanyiko, hasa kwa wale wazee ambao hawatasoma kamwe na wanasubiri mtu wa kukaa nao na kusikiliza Marko iliyorekodiwa, sura kwa sura, wakiisimamisha kila wanapotaka kuuliza.